Kumtazama Mgeni

Miongoni mwa maswali ambayo kila kizazi cha watu hulazimika kuyajibu upya, moja ni hili: mgeni ahukumiwe kwa kipimo gani? Wako wasemao kwamba asili ya mtu yatosha kumweleza, na kwamba aliyekuja jana hawezi kuwa na haki sawa na aliyezaliwa hapa. Wako wengine wasemao kwamba kila ajaye ni baraka, na kwamba kumchunguza mgeni ni uchoyo. Wahenga wetu waliyajua maoni yote mawili. Walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tena walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali ya kwanza hufungua mlango, ya pili hutazama mikono ya aliyeingia.

Katika insha hii swali hilo litapimwa kwanza kwa ndege, wala si kwa watu. Sababu zake ni mbili. Ndege hana kabila wala chama, na kwa hiyo twaweza kumfikiria pasipo hasira. Tena, wako watu ambao burudani yao kubwa ni kuwatazama ndege, na katika utazamaji wao imo adabu ambayo kila hakimu angefaa kuwa nayo.

Tuanze mbali, katika jangwa la Sonora, kusini-magharibi ya Marekani. Humo umejengwa mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona. Mvua ya mwaka mzima katika mji huo kwa kawaida haifiki milimita 200, yaani haipiti sana mvua ya Lodwar katika Turkana. Joto lake ni kali mno: katika mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilipita nyuzi 43. Hata hivyo, mtu aingiaye katika bustani ya umma iitwayo Encanto, katikati ya mji huo, hukuta majani mabichi, ziwa la kuchimbwa, na mitende mirefu itoayo kivuli. Akienda mji jirani wa Tempe, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kilichoanzishwa mwaka 1885 kiwe chuo cha walimu, atakuta hali iyo hiyo: miti imepangwa safu, maua yamenyweshwa, na wanafunzi wanapita chini ya matawi ambayo jangwa peke yake lisingeyaotesha.

Uchanikiwiti huo haukuletwa na mawingu. Uliletwa na mikono ya watu. Zamani sana wenyeji wa nchi ile, ambao wataalamu huwaita Hohokam, walichimba mifereji mingi kutoka mto Salt, wakalima mahindi na pamba jangwani kwa karne nyingi. Yapata mwaka 1450 mifereji yao ilikuwa imeachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 walowezi waliizibua baadhi ya mifereji hiyo, na mji wao mpya wakauita Phoenix, jina la ndege wa hadithi za kale ambaye inasemekana huungua akawa majivu, kisha akafufuka katika majivu hayo. Mwaka 1911 lilikamilika bwawa kubwa la Roosevelt. Mwaka 1985 maji ya mto Colorado yakaanza kufika mjini kwa mfereji ambao urefu wake wote ni kilomita 540 hivi. Basi bustani ile na chuo kile ni visiwa vya kivuli ambavyo binadamu amevijenga katika bahari ya jua. Na penye maji na kivuli hapakosi ndege.

Mtazamaji wa ndege aingiapo humo alfajiri, kabla jua halijawaka, huwakuta wenyeji, wageni wa msimu, na wahamiaji.

Wenyeji ni kama kigong'ota wa jangwa lile, ambaye huchonga tundu katika saguaro, mmea mkubwa wa miiba wa jamii ya mpungate, akaifanya nyumba yake. Akiihama, ndege wengine huirithi. Na kwa hiyo yeye ni fundi aliyejengea mtaa mzima. Wageni wa msimu ni kama bata wa kaskazini, ambao huja wakati wa baridi, wakala majani ya bustani, wakaondoka. Hao hawana mgogoro na mtu yeyote, kwa kuwa safari yao ya kurudi inajulikana. Mgeni asumbuaye mawazo ya watu siye aendaye kesho, bali ni yule atandikaye kitanda.

Wahamiaji nao ni wa namna mbili. Yuko ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu na kelele nyingi, ambaye asili yake ni nchi za kusini, Mexico na kwingineko. Katika karne ya 20 alisogea kaskazini kwa mbawa zake mwenyewe, akifuata mashamba ya kunyweshwa na miji. Hakuna aliyemleta, lakini kama binadamu hangalichimba mifereji, ndege huyo hangalikuwa na njia. Namna ya pili ni wale walioletwa kwa mkono, na mashuhuri miongoni mwao katika mji wa Phoenix ni Mwafrika.

Ni kasuku mdogo, urefu wake kama sentimita 17 au 18, mwenye mwili wa kijani, kiuno cha buluu na uso wa rangi ya waridi. Kwao ni nchi kavu za Namibia, Angola na kaskazini ya Afrika Kusini. Uzuri wake ulimponza, kwani watu walimkamata kwa wingi, wakamtia vizimbani, wakamuuza ng'ambo. Katika vizimba vya Arizona wengine walitoroka, au walifunguliwa na waliochoka kuwalisha. Walianza kuonekana huru pembezoni mwa Phoenix mwaka 1987, na sasa huhesabiwa kwa maelfu. Huzaliana katika makuti makavu yaning'iniayo mitendeni na katika matundu yaliyochongwa na vigong'ota. Hata hivyo hawaendi kuishi katika jangwa tupu. Hukaa mjini, penye maji, bustani na matunda.

Katika viwanja vya chuo kile cha Tempe watafiti walishuhudia jambo la ajabu, wakalitangaza mwaka 2021. Siku za joto kali kasuku hao huenda kwenye ukuta wa jengo moja lenye matundu yatoayo nje hewa iliyopozwa kwa mitambo, wakajipanga hapo ili wapate nafuu. Kadiri joto lizidivyo, ndivyo wazidivyo kukusanyika. Fikiri, msomaji: ndege wa jangwa la Afrika, katika jangwa la Marekani, anajiponya kwa pumzi ya mashine ambayo haikuwashwa kwa ajili yake, na ambayo ingepotea bure kama hangaliitumia.

Je, ndege huyu ana haki ya kuwapo hapo?

Wa kwanza kujibu ni yule asemaye, "La, na aondolewe, kwa maana si wa hapa." Maneno haya tusiyacheke, kwa sababu yana ushahidi nyuma yake. Mwaka 1890 na mwaka 1891 mtu mmoja wa New York aliwafungua kwenzi wa Ulaya wapatao 100 katika bustani kuu ya mji huo. Uzao wao ulienea katika Amerika ya Kaskazini, hata ukafika Arizona, na huko kwenzi hao huwanyang'anya vigong'ota matundu waliyoyachonga kwa jasho. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Pwani yetu imejaa kunguru wa Bara Hindi, ambao wengine huwaita kurabu. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka, na baadaye wakaenea bara. Ndege hao hula mayai na makinda ya ndege wengine, huwashambulia vifaranga vya watu, na wamesumbua pwani hata mwaka 2024 Idara ya Wanyamapori ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mtu aliyeona kiota kikivunjwa na kurabu hawezi kuambiwa kwamba kila mgeni ni baraka.

Wa pili kujibu ni yule asemaye, "Mwacheni. Mitende ile yenyewe imepandwa, maji yametoka mto wa mbali, na watu wenyewe wametoka pembe zote za dunia. Katika mji ambamo wote ni wageni, nani atamfukuza nani?" Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ina tundu. Si kweli kwamba wote ni wageni. Watu wa Akimel O'odham, ambao huwahesabu wachimba mifereji wa kale kuwa ni mababu zao, wapo hata leo kando ya miji hiyo. Kigong'ota naye yupo. Neno "sote tumekuja" aghalabu humfurahisha aliyekuja mwisho, nalo humdhulumu aliyekuwapo kwanza. Ukarimu usiotaka kujua nani alikuwapo si ukarimu kamili, kwa kuwa hugawa mali isiyo yake.

Basi twaona kwamba majibu yote mawili yana kosa moja. Wote wawili wamehukumu kabla ya kutazama. Mmoja ametazama alikotoka ndege, mwingine ametazama moyo wake mwenyewe. Wala hapana aliyemtazama ndege. Hapa ndipo adabu ya watazamaji wa ndege inapotufaa.

Zamani katika Marekani ilikuwa desturi ya watu wengine kutoka sikukuu ya Krismasi na bunduki, wakashindana kuua ndege na wanyama wengi iwezekanavyo. Mwaka 1900 mwanachuoni wa ndege, Frank Chapman, alishauri watu watoke siku hiyo wawahesabu ndege badala ya kuwaua. Waliomwitika mwaka ule walikuwa watu 27. Leo desturi hiyo hushika maelfu ya watu kila mwaka, na daftari zao zimekuwa hazina ya elimu. Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana. Mwenye bunduki huamua kwanza, kisha hutazama; hamwoni ndege ila akiisha kuanguka. Mwenye daftari hutazama kwanza, na mara nyingi huondoka bila kuamua lolote.

Daftari hilo lina sheria zake. Mtazamaji huandika mahali, siku, saa na idadi. Huandika alichokiona, si alichotamani kukiona. Akiwa na shaka huiandika shaka yake. Ndege wa kawaida huandikwa sawa na ndege adimu, hata kama hana uzuri. Tena kazi hiyo haimaliziki siku moja, kwa sababu ndege wa leo huenda asiwe na tabia ile ile miaka kumi baadaye. Sheria hizi huonekana ndogo, lakini hebu zichukue uzipeleke barazani, bwenini, au mahakamani, uone jinsi zitakavyoufukuza uongo.

Kasuku wa Phoenix alipimwa kwa njia hiyo. Watu walimhesabu na kumfuatilia mwaka baada ya mwaka, wakahakikisha kwamba anazaliana mwenyewe bila kulishwa kizimbani. Mwaka 2012 chama cha watazamaji wa ndege, American Birding Association, kikamwingiza katika orodha yake. Kuingizwa huko hakukuwa sifa wala msamaha. Orodha haikusema kwamba ni mwema. Ilisema kwamba yupo. Na haki ya kwanza ambayo kila kiumbe hutudai ni hiyo ya kukiri kwamba yupo. Kisha ndipo hufuata swali la matendo. Katika matendo, kasuku huyu hajaonyeshwa kuwa na madhara makubwa kama ya kwenzi au kurabu. Hukaa mjini, akala meza ya mjini. Lakini yatumia matundu yale yale ya vigong'ota, na kwa hiyo macho yasiondolewe kwake. Hukumu ya haki juu yake ni hii: na akae, na aendelee kutazamwa.

Linganisha na hapa kwetu. Kando ya ziwa Naivasha, na hata Nairobi, wako kasuku wadogo walio binamu wa yule wa Phoenix, ambao asili yao ni Tanzania. Nao pia walifika kwa mikono ya watu. Pwani wako kurabu. Wote ni wageni katika nchi hii, nao huruka katika anga moja. Kama asili pekee ingekuwa kipimo, tungewahukumu sawa, na tungekosa. Kama ukarimu pekee ungekuwa kipimo, tungewapokea sawa, na tungekosa vile vile.

Tena liko jambo jingine ambalo macho ya subira huligundua, nalo ni chungu. Ukimfuata kurabu siku nzima ili ujue anaishije, utafika jaani. Aliletwa na binadamu kwa ajili ya taka, na amestawi kwa taka ambazo binadamu hajaacha kuzitupa. Ukimfuata kasuku wa Phoenix nyuma katika historia yake, utafika kwenye kizimba cha mfanya biashara. Hakuna hata mmoja aliyejileta. Basi amwitaye mgeni barazani ili amshitaki, na amwite mwenyeji pia, kwa kuwa nusu ya kosa huenda ikakutwa mikononi mwake. Kuua kunguru na kuliacha jaa ni kufuta jasho na kuiacha homa.

Sasa twaweza kutoka kwa ndege tukaenda kwa watu, lakini tuende kwa hadhari, kwa maana mfano wa ndege una mpaka wake. Serikali yaweza kupanga kuangamiza kunguru. Haiwezi kwa haki kupanga lolote la namna hiyo juu ya watu, hata wawe wametoka wapi. Mtu huwa na haki zake kwa kuwa ni mtu, si kwa kuwa amepita mtihani wa manufaa. Tena ndege huhesabiwa kwa jamii yake, kwa kuwa kurabu mmoja ni kama mwingine. Lakini mtu hujibu kwa matendo yake mwenyewe, wala si kwa matendo ya kabila lake. Anayesema "watu wa kule ndivyo walivyo" amewageuza watu kuwa kundi la ndege, naye amefanya dhuluma hata kabla hajainua mkono.

Linalotoka kwa ndege kwenda kwa watu ni adabu ya kutazama tu, wala si hukumu. Katika jangwa letu wenyewe, huko Turkana, iko kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, nayo imewapokea watu waliokimbia vita vya nchi nyingi. Wenyeji wa Turkana walikuwapo kwanza, na kisima chao ni chao, hilo likiri. Waliokimbia nao wapo, na watoto wao wamezaliwa hapo. Hilo likiri pia. Atakayesema neno la haki juu ya watu hao wote ni yule aliyekaa akatazama ni nani achotaye maji, nani auzaye, nani anunuaye, nani amfundishaye mtoto wa nani. Asiyetazama atasema tu alilolisikia.

Wala si lazima kwenda Kakuma. Katika kila shule ya bweni huja mwanafunzi mpya katikati ya muhula, mwenye lafudhi isiyozoeleka. Kabla ya chakula cha jioni ameshapewa jina la utani na tabia nzima ambayo hajawahi kuwa nayo. Wahenga walisema, "Asiyekujua hakuthamini." Methali hiyo hulaumu ujinga, si uadui, na dawa ya ujinga ni kujua, na mlango wa kujua ni kutazama kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea.

Ndiyo maana utazamaji wa ndege si mchezo wa watu wasio na kazi. Mjini Nairobi, tangu miaka ya 1970, watu wamekuwa wakikutana asubuhi ya Jumatano kwenda kutazama ndege pamoja, vijana kwa wazee, wasomi kwa wasiosoma sana. Wewe nawe, kijana, waweza kuanza bila darubini. Hata kama shule yako iko katika nchi kavu, Lodwar, Garissa au Wajir, hapana shaka uko mfereji unaovuja na mti mmoja wenye kivuli. Kaa hapo asubuhi robo saa. Andika nani amekuja, saa ngapi, wangapi, na walifanya nini. Usiandike unachodhani. Fanya hivyo muhula mzima, na utaona kwamba ndege uliyemdharau ana mambo usiyoyajua, na ndege uliyempenda ana makosa.

Mazoezi hayo hayatakupa mali. Yatakupa uwezo wa kusema, juu ya ndege na hatimaye juu ya mtu, maneno ambayo waweza kuyatolea ushahidi. Na mtu wa namna hiyo akiketi katika baraza, mgeni na mwenyeji wote wawili hupata mtu wa kumwamini.